Mikono Isiyo na Uso

Kanyange alikuwa amejiapiza mambo mawili tangu alipotoka nyumbani: hatacheka, na hatamtazama Floribert machoni. Kicheko humlegeza mtu. Na macho ya Floribert yalikuwa na ubaya wake. Yalikutazama kana kwamba tangu dunia iumbwe hajazaliwa mwingine. Msichana akiyaingia, hata swali alilokuja nalo hulisahau.

Swali alilokuja nalo lilikuwa moja tu. Mwanaume huyu ameshaoa, au hajaoa?

Ilikuwa mchana wa siku ya soko, jua kali nje, lakini ukumbi wa parokia ulikuwa na giza la kutengenezwa. Floribert alikuwa ameziba madirisha kwa mablanketi na mikeka, na ukutani ametundika shuka jeupe lenye kiraka kwenye pembe. Nyuma ya ukuta mashine ya umeme ilikuwa inakohoa kama mzee wa tumbaku.

"Kaa hapa mbele," Floribert alisema.

"Nitakaa fasi naona mulango."

"Ukikaa kule, picha utaiona upande."

"Na wewe nitakuona muzima."

Alikaa karibu na mlango. Shangazi yake, Emérita, aliyemsindikiza, alikaa benchi la nyuma kabisa, akatoa kikapu alichokuwa anasuka, akakiweka magotini.

"Masenge, unaona kusuka mu giza?" Kanyange alimuuliza.

"Vidole vyangu havihitaji taa. Baba yako alisema usionane na huyu kijana peke yako. Hauko peke yako. Endeleeni, mimi sipo."

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mambo yaharibike. Floribert alikuwa ametoka safari ya Ntoto na Buleusa kuonyesha sinema zake, mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi. Alikuwa mwana wa wakulima wa maharagwe, na kamera aliachiwa na padri mmoja mzungu aliyerudi kwao mwaka wa sitini na tano. Ilikuwa mashine kuukuu ya kukazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani. Padri aliona haistahili hata nauli ya meli. Kwa miaka minne Floribert alikuwa anapiga sinema nayo, akisafisha filamu mwenyewe ndani ya ndoo, waigizaji wake wakiwa wajomba, wanakwaya na yeyote aliyepita njiani bila kazi. Watu walimcheka, kisha walijaa kutazama.

Baada ya safari hiyo ndipo Pétronille, mchuuzi wa vitenge, aliporudi kutoka Ntoto na maneno. Aliyasema pale kisimani, wanawake wote wakisikia.

"Nimeona na macho yangu mu sinema yake, Kanyange. Mukubwa wako wa sinema amemuvika Mukamurenzi umwishywa. Kichwani. Watu wote wa Ntoto wameona."

Umwishywa ni mmea mdogo unaotambaa. Kwa wakulima kama kina Floribert huota pembeni mwa shamba, na mbuzi huula. Lakini kwa wafugaji wa milimani, kwa kina Kanyange, ndio unaofunga ndoa. Padri atabariki, kengele italia, karatasi itaandikwa. Ila mwanaume anapomvika msichana taji la umwishywa kichwani, hapo ndipo msichana anakuwa mke, na hakuna wa kulivua. Halichezewi. Hata watoto wakicheza harusi hutumia majani mengine.

Kwa hiyo Kanyamibwa, babake Mukamurenzi, alikuwa ametuma neno: huyo mwenye kamera aje amchukue mkewe. Na Makuza, babake Kanyange, alikuwa amemsimamisha Floribert mbele ya kanisa, watu wakitoka misa, akamwita mwongo. Jumapili hii wajomba wa Floribert walikuwa waje na mitungi ya pombe ya posa. Makuza alikuwa ameapa kwamba mitungi hiyo itageukia kwenye ua na kurudi ilikotoka.

Floribert hakuwa amejitetea. Aliitwa mwongo mbele ya watu mia, akainama, akaondoka. Jambo hilo ndilo lililomuuma Kanyange kuliko yote. Mtu asiye na kosa hupiga kelele.

"Sinema zako hazina sauti," alisema sasa. "Kila siku unasimama pembeni ya shuka, unawasemea watu na ile baragumu yako ya bati. Leo hutasema. Ukisema, picha inafuata mudomo yako."

"Sitasema."

"Nataka ile ya harusi tu."

"Utaona zote tatu. Ya kuchekesha, ya zimu, halafu ya mapenzi."

"Floribert, sikuja kutembea."

"Zote tatu, ao hakuna. Nimekuomba kitu kimoja tu, Kanyange. Kaa uangalie."

Anapoteza wakati, Kanyange alijiambia. Anataka nichoke. Alikunja mikono kifuani.

Projekta ililia, mwanga ukapasua giza, na kwenye shuka akatokea Grégoire, mjomba wake Floribert, kitambi mbele.

Kisa chenyewe kilikuwa cha mwanaume anayemkwepa mama mkwe, kama heshima inavyotaka. Kila anapomwona kwenye njia anajificha. Na mama mkwe, aliyeigizwa na Adelaïde mpishi wa parokia, alikuwa na sahani ya maharagwe mkononi, hataki lolote ila kumlisha. Grégoire alijificha nyuma ya mgomba mwembamba kuliko tumbo lake. Akalala kwenye mtaro. Mwishowe akaingia chini ya tenga kubwa, lile la kufunikia kuku. Mama mkwe akafika, akasimama, akalitazama tenga. Tenga likatulia. Halafu kuku mmoja akatoka chini yake, polepole, akajikung'uta manyoya kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake mwenyewe.

Kanyange alicheka kabla hajajizuia.

"Umecheka," Floribert alisema gizani.

"Nimekohoa."

"Umekohoa na meno yote."

"Nyamaza. Nilisema hutasema." Kisha udadisi ukamshinda. "Shati ya mujomba wako ilikuwa na kifungo kule kwenye mugomba. Kwenye mutaro haina."

"Tulipiga siku ine. Siku ya pili mbuzi ilikula kifungo."

"Juu ya nini hukurudilia?"

"Kurudilia na nini? Filamu padri aliniachia inaisha. Mimi kila kitu napiga mara moja. Kikiharibika, njo vile kimekuwa. Nilionaka sinema za Bazungu kule misioni, Kanyange. Mbio za farasi, nyumba kubwa, kila kifungo fasi yake. Ni nzuri. Lakini ukiangalia ya Grégoire unajua huyu muntu alikuwa kweli chini ya tenga, na kuku njo hawakumutaka."

Kutoka nyuma, Shangazi Emérita alisema, "Ile kuku ilikuwa yangu."

"Masenge, ulisema haupo."

"Sipo. Kuku ilikuwepo."

Ya pili ilikuwa ya zimu. Kanyange hakuwa tayari kuogopa, na bado aliogopa. Shamba la migomba, moshi wa majani mabichi umefanywa ukungu, na katikati ya ukungu kitu cheupe kinakuja bila miguu. Halafu picha yenyewe ikaanza kukimbia, migomba ikipita kushoto na kulia, shuka zima la ukutani likiyumba kama kichwa cha mtu aliyepoteza njia. Kanyange alijikuta amejishika shingo.

Kisha zimu likageuka, na kwenye pembe ya vazi lake kukaonekana kiraka.

Kanyange aliangalia kiraka cha zimu. Akaangalia kiraka cha shuka ukutani.

"Zimu imevaa hii shuka yako."

"Iko moja tu. Ya mama."

"Kwa hiyo zimu inatembea ndani ya nguo yake mwenyewe."

"Watu wa Buleusa walikimbia mpaka inje. Muzee mumoja aliacha kiatu. Hakuna mwenye aliangalia kiraka."

Sauti yake ilikuwa na furaha ile ya mtoto anayeonyesha gari alilolichonga mwenyewe, na Kanyange aliona moyo wake ukitaka kumwendea. Aliurudisha. Hivi ndivyo wanavyofanya, alijiambia. Wanakuchekesha, wanakutisha, halafu unasahau ulichokuja kutafuta.

"Pale mwanzo picha ilitulia kama jiwe," alisema, ili aseme lolote la ukali. "Halafu ikatikisika. Kosa?"

"Hapana kosa. Pale mwanzo mashine ilisimama kwa miguu yake mitatu. Nikishaikaza na kufunga kifungo chake, inajiendesha yenyewe kidogo, naweza kuwa mbali. Pale ilipotikisika nilikuwa naishika mu mikono, nakimbia. Kifua yangu ikipanda, na picha inapanda. Hata nikisimama kimya, inapanda kidogo, inashuka."

"Inapumua."

"Inapumua. Nikiishika mimi." Aliichukua filamu ya tatu. "Na hakuna muntu mwengine Masisi yote anajua kuishika."

Alilisema neno hilo la mwisho taratibu mno. Kanyange aligeuka gizani kumtazama, akisahau kiapo chake cha pili, lakini Floribert alikuwa ameinamia projekta akibadilisha filamu. Kwa nini amelisema hivyo? Wanaume husema taratibu wanapochagua maneno, na wanachagua maneno wanapoficha.

Sinema ya tatu ikaanza.

Vilima vya Rubaya. Ua wa nyumba ya wafugaji. Picha ilitulia kama jiwe. Mukamurenzi alikuwa amesimama katikati amevaa kitambaa cheupe begani, mzuri wa kuumiza, na Kanyange alikiri uzuri huo kwa uchungu. Halafu kutoka pembeni akaingia Floribert, amevaa kofia isiyo yake, akasimama kando ya Mukamurenzi kama bwana harusi.

"Benoît njo alikuwa achezeshe bwana harusi," Floribert alisema. "Alibeba muzigo kwenda Walikale, hakurudi. Mimi nikaingia."

"Sikukuuliza."

Picha ikakatika, ikaja nyingine, ya karibu. Uso wa Mukamurenzi ulijaza shuka lote. Juu yake ikaja mikono miwili, mikono tu, bila uso, bila bega, imebeba taji la majani. Kanyange alikuwa ameomba usiku kucha yawe majani ya viazi, au ya maharagwe, au ya lolote ambalo Mungu aliliotesha. Yalikuwa umwishywa. Mikono ililishusha taji kichwani. Mukamurenzi akafumba macho, na chozi likamtoka. Lile halikuwa chozi la kuigiza.

Basi. Ilikuwa kweli. Kanyange alisimama. Alipiga hatua moja kuelekea mlangoni, akageuka.

"Simamisha pale."

"Haisimami. Nikiisimamisha, taa inaichoma."

"Basi irudishe nyuma."

Floribert hakuuliza sababu. Aliirudisha kwa mkono, akaiachia tena.

Mara ya pili Kanyange hakuangalia majani. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya kutafuta, si ya kulia. Aliangalia picha. Uso wa Mukamurenzi ulikuwa unapanda kidogo kwenye shuka. Unashuka. Unapanda. Unashuka.

Picha ilikuwa inapumua.

"Floribert," aliita. "Pale, wewe ulikuwa wapi?"

Mashine ya umeme ilikohoa nje.

"Nimekuuliza kitu."

"Uliniambia nisiseme."

"Sasa nasema useme."

"Na mimi sasa siwezi."

Kanyange alisogea hadi mbele kabisa, benchi la kwanza, pale alipoambiwa akae tangu mwanzo. "Irudishe tena."

Mara ya tatu aliiangalia mikono. Ilikuja kutoka juu, na kabla haijamgusa msichana, vidole vilisuguana. Kidole gumba kilipita juu ya vile vinne, mara mbili, tatu, haraka. Mkulima hafanyi hivyo. Hufanya hivyo mfugaji, alfajiri, kabla hajashika chuchu ya ng'ombe, ili baridi ya vidole isimshtue mnyama akazuia maziwa. Ni jambo ambalo mtu akilizoea hulifanya hata anapotaka kumgusa mtu. Na ukucha wa kidole gumba cha kushoto ulikuwa umepasuka katikati, kama ukucha uliobanwa na kamba miaka mingi iliyopita. Kanyange ndiye aliyekifunga kidole kile kwa kitambaa, siku kamba ilipokibana.

Manassé. Kaka yake.

Nyuma, sauti ya kusuka ilikuwa imekoma.

"Masenge," Kanyange aliita bila kugeuka.

"Nimesema sipo," Emérita alijibu. Kisha, kwa sauti ya chini: "Ile mikono niliiogesha mimi, ingali inaenea mu bakuli."

Filamu iliisha, ikawa inapiga mkia wake hewani, na shuka likabaki jeupe. Mwanga ulimmulika Floribert nusu. Kanyange alimwendea.

"Mikono ni ya Manassé. Sema hapana."

Floribert hakusema hapana.

"Ulijua?"

"Siku ile, hapana. Manassé njo aliniletea ile majani. Alisema yatapendeza. Mimi ni mwana wa maharagwe, Kanyange, kwetu mbuzi inayakula. Nikamuambia, mimi nitashika mashine karibu, wewe uweke mikono. Niliona Mukamurenzi analia, nikafurahi, nikasema leo nimepata muchezaji. Njo baada yake wakaniambia pamoja walichokifanya. Baba yako na Kanyamibwa hawasalimiani tangu ile ugomvi ya kisima cha ng'ombe. Hawangekubaliwa kamwe. Wakatumia sinema yangu kuoana."

"Na wakakuapisha."

"Wakaniapisha nisimuambie muntu."

"Na wewe ukaenda kuionyesha."

"Hata Manassé alisema niende nayo, Ntoto ni mbali. Na mikono haina uso. Sikufikiri watasema ni yangu. Pétronille alipoleta maneno, nilikuwa nimeshaapa."

"Kwa hiyo ukanyamaza." Sauti ya Kanyange ilikuwa ya chini na ya hatari. "Baba alikuita muongo mbele ya misa, ukanyamaza. Mimi nimelia wiki tatu, Pétronille ananiangalia sokoni kama ng'ombe iliyovunjika muguu, ukanyamaza. Manassé alikupa siri, ukaishika. Mimi ulinipa nini?"

"Nilikupa roho yangu."

"Roho haionekani. Siri yake ilionekana mpaka Ntoto. Jumapili wajomba wako wangerudishwa na mitungi yao, na wewe ungesimama pale na kofia yako. Ungenipoteza juu ya kiapo cha Manassé?"

"Ningekuambia," Floribert alisema, "ungefanya nini? Ungemuuza kaka yako, ao ungemudanganya baba yako. Sikutaka kukuweka fasi ile."

"Na leo umeniweka fasi gani?"

Floribert aliinamia projekta, na Kanyange, aliyekuwa amekuja na shaka moja, aliona nyingine inazaliwa, kubwa kuliko ya kwanza. Alirudi hatua moja nyuma.

"Uliapa kutosema," alisema polepole. "Hukuapa kutoonyesha."

"Ndiyo."

"Ile ya kuchekesha. Uliniambia unapiga mara moja tu. Ile ya zimu. Uliniambia picha inapumua nani akiishika. Ulinifundisha kusoma kwanza, halafu ukanipa barua."

"Sikusema jina la muntu."

"Wewe ni muntu wa ujanja, Floribert."

"Njia ilikuwa moja tu."

"Sijasema ni vibaya. Nimesema ni ujanja." Na bado macho ya Floribert yalikuwa kwake sasa, na macho yale yalikuwa yanafanya kazi yake ya siku zote. Alikuwa amekonda. Kola ya shati ilimwachia shingo. Kanyange alitaka kumshika uso, na alitaka kumpiga, na hakujua lipi lije kwanza. "Wiki tatu. Ulikuwa unalala?"

"Nilikuwa nakaza mashine na kuifungua. Muntu hawezi kulala na mudomo imejaa."

Alinyoosha mkono, na Kanyange aliuacha ufike. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Hakuvisugua kwanza. Kanyange alikaribia kucheka, na akakaribia kulia, na Shangazi Emérita akakohoa kwa nguvu.

Hakikuwa kikohozi cha kuwakanya. Mlango ulikuwa umefunguliwa, jua limeingia hadi katikati ya ukumbi, na katikati ya jua amesimama Makuza na fimbo yake ya kuchungia. Mtu sokoni alikuwa amemwambia.

"Emérita," Makuza alisema. "Nilikutuma ununue chumvi."

"Nimenunua. Iko ndani ya kikapu."

"Kanyange, toka."

"Papa," Kanyange alisema. Mkono wake ulikuwa umeshatoka kwenye mkono wa Floribert, hata hakujua saa ngapi. "Uliangalia ile sinema?"

"Siangalii upumbavu. Nilisikia."

"Ulisikia kwa Pétronille."

"Niondoe ile mikono?" Floribert alimnong'oneza Kanyange, haraka. "Niko na makasi. Ni kipande kidogo. Nikikitoa, baba yako ataona mimi tu na kofia. Manassé atabaki salama."

Kanyange alimtazama. Alikuwa anasema kweli. Makasi yalikuwa tayari mkononi. Angekata. Angejikata mwenyewe pamoja na filamu, na asingesema neno. Alimfikiria Manassé, anayekunywa maziwa asubuhi na jioni kana kwamba hakuna kilichotokea. Alimfikiria Mukamurenzi, mke bila mume, anayechekwa kisimani kwa wiki tatu na kunyamaza kwa ajili ya mume huyo.

"Hapana kata," alisema kwa sauti ya kusikika. "Papa, funga mulango, ukae. Nakuomba mara moja tu. Ukishaona, ukiniambia nitoke, nitatoka, na Jumapili mitungi itarudi."

Makuza alimwangalia dada yake. Emérita alisogea kwenye benchi, akampa nafasi. Makuza alikaa, fimbo kati ya magoti, uso wa mtu aliyekaa ili aweze kusimama kwa hasira zaidi.

Floribert aliiachia filamu. Vilima, ua, Mukamurenzi, Floribert na kofia. Makuza aliguna. Kisha ikaja mikono, ikashuka, ikasugua vidole, ikaweka taji. Kanyange hakuangalia shuka. Alimwangalia babake, na aliona fimbo ikiacha kutikisika.

Filamu iliisha. Makuza aliendelea kulitazama shuka tupu.

"Huyu mwenye hii mikono," alisema hatimaye, "nani alimufundisha kupasha vidole?"

Emérita aliinamia kikapu chake.

"Mimi," Makuza alisema. "Alikuwa na miaka sita. Ng'ombe ilimupiga teke, akalia. Nikamuambia, mupashie vidole kwanza, hata mama yako hapendi mukono ya baridi." Alipangusa uso kwa kiganja. "Na binti ya Kanyamibwa. Katika wasichana wote."

"Ni muke wa mutoto wako sasa," Emérita alisema. "Kisima iko na maji ya kuenea wote wawili. Ulikuwa unajua tangu zamani."

"Nyamaza, Emérita. Wewe haupo." Aligeuka kwa Floribert, naye akasimama wima kama mtu mbele ya hakimu. "Wewe. Ulijua hii yote siku nilikuita muongo?"

"Nilijua, Papa."

"Watu wanasikia. Mama yako anasikia."

"Ndiyo, Papa."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nimeapa."

Makuza alimtazama kwa muda, kuanzia viatu hadi kichwa, kama anavyotazamwa ng'ombe wa kabila geni. Hakuonyesha furaha. Alimgeukia binti yake.

"Muongo namujua namna ya kumuchunga," alisema. "Lakini muntu anaweza kunyamaza namna hii, siku moja atakuficha jambo na hutaliona hata ukikaa naye meza moja. Huyu ni muntu wa kuogopa, Kanyange."

"Najua, Papa," Kanyange alisema. "Hata mimi namuogopa. Acha nimuogopee nyumbani kwake."

Makuza aliinuka. Alifungua mlango, jua likaingia tena, na bila kugeuka akamwambia dada yake apite kwa Adelaïde aazime vikombe, kwani Jumapili watu watakuwa wengi, na yeye ana safari fupi ya kwenda kwa Kanyamibwa.